Mwongozo wa Presha ya Macho: Nani Aliuandika, na Nani Aliulizwa?



Mkataba mpya wa kazi unapoletwa mezani, wajumbe wetu wamekwisha zoea kuuliza mambo kadhaa kabla ya kutia sahihi. Nani aliuandika? Je, sisi tuliketi pamoja nao, au tumeletewa ukiwa umekwisha pigwa chapa? Gharama zake atalipa nani? Utaangaliwa upya baada ya miaka mingapi? Na hayo yaliyomo, yanaweza kutimizwa pale kiwandani na shambani, au ni maneno matamu ya karatasini tu?

Maoni yetu ni kwamba maswali hayo hayo yanafaa kuulizwa juu ya karatasi nyingine, ambayo wengi wetu hatujapata kuitia machoni ijapokuwa macho ndiyo yanayohusika. Karatasi hiyo ni mwongozo wa matibabu ya presha ya macho, ugonjwa ambao madaktari huuita glakoma.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana watu wengi huuchanganya na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi. Daktari akiutoa kwa upasuaji, mara nyingi mtu huona tena. Glakoma ni jambo jingine. Hapo kinachoharibika ni mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na mara nyingi chanzo ni maji ya ndani ya jicho kukosa njia nzuri ya kutoka, presha ya jicho ikapanda. Sehemu ya mshipa huo iliyokwisha kufa haifufuki, si kwa dawa, si kwa leza, wala si kwa kisu. Tiba inalinda kile kilichobaki tu. Kwa hiyo mtu aliyechelewa mwaka mmoja hawezi kurudishiwa mwaka wake.

Tena aina iliyoenea zaidi haiumi. Jicho halibadiliki rangi. Kuona kunaanza kupungua pembeni, huku mtu akiendelea kusoma gazeti na kuhesabu mshahara wake bila taabu. Mchuma chai anaweza kumaliza mstari wake kila siku asijue kwamba jicho moja linakwenda, kwa kuwa jicho la pili linamsaidia kuficha. Siku anapoanza kujikwaa kwenye mifereji, mali nyingi imekwisha ibiwa.

Na sisi Waafrika tumo katika hatari kubwa zaidi. Huko Baltimore, Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba glakoma ya aina hiyo iliwapata watu weusi kama mara nne zaidi ya weupe. Jirani zetu wa Kongwa, katikati ya Tanzania, walipimwa pia. Matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Watu zaidi ya 3,200 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walichunguzwa macho, na kama 4 katika kila 100 walikutwa na glakoma. Piga hesabu hiyo kwa shamba lenye wafanyakazi 1,000 waliovuka miaka 40: ni watu 40, na wengi wao hawatakuwa na habari.

CHOMBO CHA KUPIMIA KARATASI

Mwongozo wa matibabu humwambia daktari ampime mgonjwa namna gani, aanze na tiba ipi, amwite tena lini. Miongozo ya glakoma ni mingi. Jumuiya ya Glakoma ya Ulaya ilitoa wake wa kwanza mwaka 1998, na ulipofika mwaka 2020 ikatoa toleo la tano. Uingereza ina taasisi ya serikali iitwayo NICE, ambayo ilitoa mwongozo wa glakoma mwaka 2009, ikatoa mwingine mwaka 2017, na kuurekebisha mwaka 2022. Madaktari wa macho wa Marekani nao wana wao. Vitabu hivyo vinasafiri mbali, na daktari aliyesomeshwa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam hukutana navyo masomoni.

Je, mwongozo mzuri unajulikanaje? Wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa wakatunga chombo cha kuupimia, kiitwacho AGREE. Cha kwanza kilitoka mwaka 2003, na cha pili, kinachotumika zaidi, mwaka 2010. Kina maswali 23 katika mafungu sita, na kila swali linapewa alama kuanzia 1 hadi 7. Wanaopima wasipungue wawili, na afadhali wawe wanne, kila mmoja akipima peke yake ili asivutwe na mwenzake. Mafungu yenyewe, tukiyataja kwa lugha yetu, yanauliza kama shabaha ya mwongozo imeelezwa, kama wote wanaohusika walishirikishwa, kama ushahidi ulitafutwa na kuchambuliwa kwa bidii, kama maelezo ni wazi, kama unatekelezeka, na kama waandishi walikuwa huru, bila kufuata mkono wa mtu anayelipa au maslahi yao wenyewe.

Ndugu zetu wajumbe wataona mara moja kwamba haya ni yale yale tunayouliza juu ya mkataba. Hatuna sababu ya kuyaogopa kwa kuwa yamevaa koti jeupe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya madaktari, chama cha wafanyakazi kinatafuta nini humo? Tunajibu kwamba chama hakimfundishi daktari kupima jicho. Lakini moja ya maswali hayo 23 linauliza hivi: je, maoni na matakwa ya wale watakaotibiwa yalitafutwa? Swali hilo waliliweka wataalamu wenyewe. Wao wametufungulia mlango. Ni juu yetu kuingia.

Sasa, miongozo inapata alama gani? Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya pamoja alama za miongozo 626 ya magonjwa ya kila namna, iliyotolewa kati ya mwaka 1980 na 2007 na kupimwa kwa chombo kile cha kwanza. Katika kueleza shabaha, wastani ulikuwa 64 kwa 100. Katika uwazi wa maelezo, 60. Katika uchambuzi wa ushahidi ikashuka hadi 43. Katika kushirikisha wanaohusika, 35. Katika uhuru wa waandishi, 30. Na katika kutekelezeka, mwisho kabisa wa foleni, 22.

Tunaomba msomaji asimame kidogo kwenye tarakimu hizo. Karatasi zilisema vizuri zinataka nini. Hazikusema vizuri litafanyikaje, wala nani amelipa, wala mgonjwa aliulizwa nini. Mjumbe yeyote aliyewahi kuletewa mkataba ulioandikwa ofisini kwa mwajiri anaijua sura hiyo.

Hata hivyo lazima tuseme jambo moja, tusije tukakipa chombo hicho sifa isiyo yake. AGREE inapima jinsi mwongozo ulivyotungwa. Haipimi kama ushauri wenyewe ni wa kweli au unamfaa mtu wa mahali fulani. Waliokitunga hawakuweka hata alama ya kufaulu. Mwongozo unaweza kupata alama za juu kabisa London, na bado usimsaidie mkata miwa wa Busoga.

MATONE NA LEZA

Mfano ulio bora ni swali la tiba ya kwanza. Kwa miaka mingi miongozo ya nchi tajiri ilimwanzisha mgonjwa kwa dawa ya matone, na kwa matone hayo alitakiwa aendelee kila siku maisha yake yote. Ushahidi kwamba kushusha presha ya jicho kunasaidia upo, na ni wa nguvu, hatubishani nao. Lakini ushahidi huo ulitoka kwa akina nani, na wanaishije?

Tazama matone yenyewe. Dawa nzuri iitwayo latanoprosti hutiwa mara moja tu kwa siku, lakini chupa zake nyingi, kabla hazijafunguliwa, hutakiwa kukaa ndani ya friji kati ya nyuzi 2 na 8, na zikifunguliwa zisipate joto la kupita nyuzi 25, tena zitumike kwa wiki chache tu. Nani katika kambi za wafanyakazi ana friji? Timololi ni ya zamani na rahisi zaidi kupatikana, haidai friji, lakini inaweza kumbana kifua vibaya mtu mwenye pumu, na wenzetu wa viwanda vya pamba na vya unga wanaelewa tunazungumza habari gani. Pamoja na hayo, chupa huisha na lazima inunuliwe nyingine. Mwezi wa ada za shule ukifika, mtu ambaye jicho halimuumi atanunua nini kwanza? Hatumlaumu. Tunasema kwamba mwongozo unaoandika "tia matone kila siku" bila kufikiria mwezi wa ada umeandikwa nusu.

Kuna tiba nyingine, mwanga wa leza unaoelekezwa mahali maji ya jicho yanapotokea, ili njia ifanye kazi vizuri zaidi. Hufanywa kwa dakika chache, mgonjwa akiwa amekaa kitini, naye hurudi nyumbani siku ile ile. Huko Uingereza jaribio kubwa la wagonjwa 718, wengi wao Wazungu, lilitoa matokeo yake mwaka 2019. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaanza na leza, wengine na matone. Baada ya miaka mitatu karibu robo tatu ya walioanza na leza hawakuhitaji matone kabisa. NICE ikayapima matokeo hayo pamoja na gharama zake, na mwaka 2022 ikabadilisha mwongozo: wagonjwa wengi wapya watolewe leza kwanza. Hilo tunalisifu bila kusita. Taasisi hiyo huweka wazi maslahi ya wajumbe wake, huketisha raia wa kawaida pamoja na madaktari, na ushahidi mpya ukija hurudi mezani.

Lakini gharama iliyopimwa ni ya hazina ya Uingereza, na mgonjwa aliyepimwa alikuwa na hospitali karibu. Ushahidi unaotuhusu sisi zaidi ulitoka Moshi, chini ya Kilimanjaro, katika hospitali ya KCMC. Hapo wagonjwa 201 wa glakoma, miongoni mwao wenye ugonjwa uliokwisha fika mbali, waligawanywa kwa namna hiyo hiyo kati ya leza na matone ya timololi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofanikiwa kwa timololi yalikuwa 31 katika kila 100. Kwa leza yalikuwa 61, ingawa baadhi yalihitaji leza ya mara ya pili.

Hizi ndizo tarakimu ambazo mwongozo wowote utakaoandikwa kwa ajili ya watu wa maziwa haya unapaswa kuzitaja katika ukurasa wake wa kwanza. Ni watu kama sisi, wanaonunua dawa kwa fedha kama zetu, na matone yaliwashinda zaidi ya nusu. Vile vile tusidanganyane: hata leza ilishindwa kwa macho 39 katika kila 100, nao hao wanahitaji kufuatiliwa na pengine kupasuliwa. Mtu atakayewaambia wafanyakazi kwamba leza inamaliza kazi, akuulizeni mmesoma wapi.

KITABU CHETU WENYEWE

Wizara ya Afya ya Uganda ina kitabu chake cha mwongozo wa matibabu kwa magonjwa yote, chenye toleo la mwaka 2016 na jingine la mwaka 2023. Kwa jambo moja kitabu hicho kinaishinda miongozo ya Ulaya, nasi tunakipa haki yake: kinaonyesha tiba gani inaweza kutolewa katika ngazi gani, kuanzia kituo cha afya hadi hospitali ya rufaa. Aliyekiandika alijua mganga wa kituo cha afya hana mashine za Basel. Kuhusu glakoma, agizo lake kubwa ni kwamba mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa macho.

Agizo hilo ni sahihi. Ila "apelekwe" ni neno jepesi kuandikwa. Nani anampeleka? Kutoka mashamba ya chai ya Toro hadi kwa daktari wa macho mwenye vifaa ni safari ya nauli, na siku inayopotea ni siku isiyo na kilo hata moja kwenye mizani. Akishafika, atarudi tena na tena, kwa kuwa glakoma haitibiwi mara moja ikaachwa. Fungu la tano la AGREE, lile la kutekelezeka, linauliza vikwazo ni vipi na gharama ni kiasi gani. Hapo ndipo wafanyakazi wangekuwa na la kusema, kama wangeitwa.

Wangeitwa, wangesema na lingine ambalo hatujaona kitabu cha glakoma kikilipa nafasi. Wafanyakazi wengi hukwepa kupimwa macho kwa kuogopa kazi. Dereva wa trekta au mwendesha mashine anajiuliza: nikikutwa na ugonjwa, karatasi itakwenda kwa daktari au kwa meneja? Hofu hiyo huwafanya wakae kimya mpaka jicho liishe, kisha kazi ipotee vile vile, na hatari kwa wenzao ikiwa kubwa zaidi. Daktari aliyeandika mwongozo akiwa peke yake ofisini hawezi kuijua hofu hii, na hatumlaumu, kwa kuwa haimo katika darubini. Huijui mpaka umuulize mtu.

Wangesema pia juu ya maduka ya dawa. Mtu mwenye macho yanayowasha kwa vumbi hununua matone dukani, na baadhi ya matone hayo yana steroidi ndani yake. Jicho hupoa, mwasho huisha, naye hununua tena, mwezi baada ya mwezi. Steroidi ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza yenyewe kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma, hata kwa kijana. Mwongozo unaosema na bingwa wa hospitali kuu tu, ukamsahau muuza duka na msaidizi wa zahanati, umewaacha nje wale wanaokutana na jicho letu mwanzo.

MEZANI TUSEME NINI

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mpango wa huduma za macho kwa nchi zote, na katika kuuandaa lilitumia chombo hicho cha AGREE kuchuja miongozo ipi iaminike. Kwa hiyo hatuombi jambo geni. Wizara itakapoketi tena kurekebisha kitabu chake, tunataka wawakilishi wa wafanyakazi na wagonjwa wenyewe wa glakoma wawe ndani ya chumba, na wauza dawa na mashine, wanaokaribishwa sana katika mikutano ya namna hiyo, wakae nje wakati wa kuamua.

Kwa upande wa waajiri, kifungu cha matibabu katika mikataba yetu mingi husema "huduma ya afya" na kuishia hapo. Kiandikwe kwamba wenye miaka 40 na kuendelea, na yeyote mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata ugonjwa huu, wapimwe macho. Kupima presha ya jicho peke yake hakutoshi, maana wenye glakoma wengi hukutwa na presha ya kawaida siku ya kupimwa. Lazima mshipa wa jicho utazamwe. Siku ya kwenda kwa daktari wa macho ilipwe kama siku ya kazi. Matokeo yabaki kati ya mgonjwa na daktari, na anayehitaji kubadilishiwa kazi kwa usalama abadilishiwe, asifukuzwe.

Mwajiri atasema ni ghali. Basi alete hesabu yake, nasi tutaleta ya kwetu, tukianza na ile ya Kongwa.

Wakati huo huo, kila mjumbe anaweza kwenda wiki hii kwenye zahanati ya kampuni na kuuliza kwa adabu: kwa presha ya macho mnafuata mwongozo gani, na ni wa mwaka gani? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za tawi, hata likiwa kwamba hakuna, na liletwe pamoja na taarifa nyingine kabla ya mazungumzo ya mkataba kuanza.